Damu ya Dada Yangu

Dada yangu alianza kwa kuniita mama. Nilikuwa barazani kwangu, Kibiti, nimeinamia cherehani, nashona gauni la harusi ambalo mteja alikuwa analitaka kabla ya Ijumaa. Dada alikuwa jikoni. Akaita, "Mama, chumvi iko wapi?"

Nilidhani ananitania. Mama yetu alikufa zamani, na dada ndiye aliyenilea baada yake. Nikamjibu kwa mzaha, "Iko pale pale, mwanangu." Akachungulia mlangoni na mwiko mkononi, akanitazama kwa utulivu kabisa, akasema, "Ahsante, mama," akarudi ndani. Mguu wangu ukasimama juu ya kikanyagio cha cherehani.

Sisi tumezaliwa huko chini delta, mto unapoingia baharini, kijiji ambacho asubuhi mfereji umejaa maji ya mto na alasiri una ladha ya chumvi. Tuko watatu: dada ndiye mkubwa, halafu kaka yetu ambaye hajawahi kuhama kule, halafu mimi. Baba alilima mpunga. Mpunga ukikaribia kuiva, watoto hukaa kutwa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, wakipiga kelele na kurusha udongo ili ndege wasimalize mashuke. Dada alikaa dunguni mpaka umri wa shule ukampita. Ulipofika umri wangu, alimwambia baba kwamba zamu yangu ataikaa yeye. Ndivyo nilivyosoma, na ndivyo yeye alivyokaa bila kujua kushika kalamu mpaka anazeeka.

Tulifiwa na waume, kila mmoja kwa wakati wake, tukaona hakuna haja ya nyumba mbili zenye mtu mmoja mmoja. Akaja kwangu Kibiti. Mimi nikashona, yeye akasuka mikeka na makawa ya kufunikia chakula. Mtoto wake mmoja tu, wa kiume, anafanya kazi Dar es Salaam. Maisha yetu yalikuwa mazuri, na sisemi hivyo kwa sababu ya kuyakumbuka kwa huruma. Tulikuwa tunacheka sana.

Baada ya siku ile ya chumvi, mambo yalifuatana polepole. Chumvi ikaingia kwenye chai. Akaanza mkeka, akauacha, akaanza mwingine kando yake. Kiswahili chake kikawa kinapungua na Kindengereko cha kwetu kinaongezeka, hata akiongea na wateja wangu wasiokijua. Sauti ikawa nzito na ya kukwaruza, akawa anasikia baridi mchana wa jua kali, amejifunika khanga mbili. Kisha siku moja kijana wa bodaboda akamleta mpaka barazani. Alimkuta kwenye njia ya Mchukwi, anakwenda kwa haraka, miguu mitupu.

"Bibi anasema anawahi kufukuza ndege," aliniambia.

Dada alishuka kwenye pikipiki kwa heshima zake, akamwambia kijana, "Mungu akubariki, mwanangu. Msalimie mama yako." Alikuwa hana wasiwasi wowote. Mwenye wasiwasi nilikuwa mimi.

Watu wengi waliniambia ni uzee. Wengine wakasema ni shetani wa mtoni. Tulisoma dua, akanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, na kweli nafsi yangu ilitulia, lakini chumvi iliendelea kuingia kwenye chai. Kwa hiyo siku nilipompeleka hospitali kupima presha, nikamweleza nesi habari yote. Nesi yule ni mtu wa Dimani, anakijua Kindengereko vizuri, na dada alimpenda kwa hilo. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema kuna daktari anakuja kutoka Dar pamoja na wenzake. Wanatafuta watu wazima, wale wanaosahau na wale wasiosahau, wawapime kumbukumbu na kuchukua damu.

"Wasiosahau wa nini?" nikamwuliza.

"Wa kulinganisha, mama. Ukitaka kujua kitambaa hiki kimefifia, si unakiweka karibu na kipya?"

Nikacheka, kwa sababu alikuwa anazungumza na fundi cherehani. Nikamwambia tutakuja wote wawili.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotegemea, mpole, mwenye lafudhi ya bara. Alianza na maswali. Alimtajia dada maneno matatu, kiatu, mto na jembe, akamwomba ayashike kichwani. Wakazungumza mambo mengine kidogo. Kisha akamwuliza, "Bibi, yale maneno niliyokupa yako wapi?"

"Ulinipa mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ulinipa nikiwa sijakaa vizuri."

Nesi aligeukia dirishani ili asicheke. Kisha dada akapewa karatasi na kalamu, akaambiwa achore saa, aweke mishale saa tano na dakika kumi. Aliishika kalamu kama anavyoishika sindano ya kushonea mkeka. Akachora duara moja safi, halafu akaanza kuligawa kwa mistari ya mshazari, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Mimi niliona mara moja kwamba anachora kawa. Daktari akasubiri mpaka amalize, akasema, "Ni zuri, bibi," na akanigeukia mimi.

"Hapa ndipo shida yetu ilipo," alisema. "Vipimo hivi vya maswali vilitungwa kwa watu waliokwenda shule. Mtu ambaye hajawahi kuchora, nikimwambia achore saa, nimempima kumbukumbu au nimempima shule? Na saa zenyewe, sisi tunasema saa tano, mshale umesimama kwenye kumi na moja. Ndiyo maana tunaitafuta damu. Damu haijui nani alisoma."

Akatueleza kwamba kuna ugonjwa unaoitwa Alzheimer, unaokula kumbukumbu taratibu, na sasa kuna kipimo kinachoweza kuona dalili zake kwenye damu, chembe ndogo sana zinazotoka kwenye ubongo. Zamani ilibidi mtu apigwe picha kwenye mashine kubwa au achomwe sindano mgongoni. Sasa kichupa kimoja kinatosha.

"Basi pimeni, mtuambie," nikasema.

"Ningependa iwe rahisi hivyo, mama. Kipimo hiki kilijaribiwa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani, na wengi wao ni weupe. Mstari wa kusema huyu mzima, huyu mgonjwa, umechorwa kwa kutazama damu zao. Sisi hatujui kama mstari huo unatufaa. Figo zikichoka, namba ya kipimo inapanda hata kama ubongo hauna kitu. Unene nao unaweza kuishusha. Watu wa hapa wana presha, wana sukari, wameugua malaria mara nyingi, wamekula vyakula tofauti. Sisemi damu yetu ni ya aina nyingine. Damu ni damu. Ila maisha yaliyopita ndani yake si mamoja."

Hilo halikunipa taabu kulielewa. Nimeshona nguo miaka mingi. Gauni lililokatwa kwa vipimo vya mtu mwingine linaweza kukuingia, lakini litakudanganya mabegani.

Sasa ikabaki ruhusa ya dada. Daktari alisema kwa kuwa anasahau, hawezi kuulizwa mara moja ikatosha. Ataulizwa leo, ataulizwa tena atakapopumzika, ataulizwa tena siku ya sindano, na akitikisa kichwa hata mara moja tu, basi imekwisha, hachomwi. Nililipenda sana jambo hilo. Nilikuwa nimezoea kuona watu wakimpitia dada juu juu, wakizungumza na mimi kana kwamba yeye ni mzigo nilioubeba.

Daktari alisogeza kiti, akamwelezea taratibu, nesi akirudia kwa Kindengereko.

"Mnataka damu muifanyie nini?" dada akauliza.

"Tuone kama ugonjwa wa kusahau unaonekana ndani yake, bibi."

"Nani anasahau?"

Daktari alinigeukia. Nikasema, "Watu wazima, dada. Wewe na mimi."

Dada akanitazama kwa huruma. "Chukueni," akamwambia daktari. "Huyu mdogo wangu anasahau sana."

Baada ya chai aliulizwa tena, kama kitu kipya kabisa. Akafikiri, akasema, "Damu inarudi. Chukueni."

Lakini habari zilikwisha kutoka. Jirani yangu wa ukuta wa pili, mwanamke mwema lakini mwenye hofu nyingi, alikuja jioni hiyo hiyo kuniuliza kama nimechanganyikiwa. Alinikumbusha hadithi za mumiani tulizokua nazo, watu wanaonyonya damu za maskini na kuziuza mbali. Nikamwambia mumiani haombi ruhusa mara tatu. Hakucheka. Na sijui nani alimpigia simu mtoto wa dada, maana kesho yake alinipigia, sauti yake kali lakini bado ya adabu.

"Mama mdogo, nimesikia. Naomba damu ya mama isitoke mpaka nije."

Alikuja na basi la asubuhi, akanipitia nyumbani dada akiwa bado amelala, tukamwachia jirani, tukaenda hospitali pamoja kumwona daktari kwanza. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama: "Kwa nini mama yangu? Wagonjwa wako wengi Ulaya, wachukue huko."

Daktari hakukasirika. Akamjibu, "Wameshachukua huko, kaka. Ndiyo shida. Mama yako hayumo. Watu kama yeye hawamo. Kipimo hiki kitafika hapa siku moja, kitawekwa kwenye kila hospitali, na kitasoma damu ya mama wa mtu kwa mstari usio wake. Kitamwambia mzima kwamba ni mgonjwa, au mgonjwa kwamba ni mzima. Nataka mama yako awemo ili kisije kikadanganya."

"Na yeye atapata nini?"

"Kwa kipimo hicho, kwa sasa, pengine hapati kitu. Sitaki kukudanganya. Ila kabla ya yote tutampima vile vya kawaida, sukari, figo, damu kupungua, tezi ya shingoni, kwa sababu yapo magonjwa yanayojifanya usahaulifu, na mengine yana dawa. Hivyo majibu yake mtapewa."

Mtoto wa dada akasema atafikiri. Tukarudi nyumbani.

Dada alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alipomwona mwanawe anaingia, akajitahidi kuinuka. Alivuta khanga kichwani, akainamisha macho, akasema, "Shikamoo."

Nimeishi miaka mingi, lakini sijawahi kusikia neno hilo likiwa zito vile. Mama anampa mwanawe shikamoo. Pengine alimwona baba mdogo wetu, ambaye mwanawe anafanana naye kwa kipaji cha uso na mwendo. Yule kijana, mtu mzima mwenye watoto wake, alisimama pale na mfuko wa machungwa mkononi, hawezi kuitikia na hawezi kunyamaza. Mwishowe akapiga magoti mbele yake, akaweka mfuko chini, akashika miguu ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

Dada aliinama kumtazama. Kisha akamgusa kichwa, akasema, "Marahaba, baba. Umekula?"

Sijui kama alimtambua wakati ule au la. Mwanawe alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, na mimi nikamwacha. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akamenya machungwa, akamlisha mama yake kipande kimoja kimoja, akaniambia, "Mama mdogo, wakachukue. Ila mimi nitakuwepo."

Alikuwepo. Alimshika mama yake bega wakati nesi anafunga mpira mkononi. Daktari akauliza kwa mara ya tatu, na dada akajibu kama mtu anayesumbuliwa kwa jambo dogo, "Si nimekwambia? Chukua, mwanangu, mkono utachoka." Hakuwa anakumbuka kwamba aliwahi kusema. Lakini kila alipoulizwa, moyo wake ulitoa jibu lile lile, na mimi nikaona kwamba kumbe tabia ya mtu inakaa mahali pengine mbali na kumbukumbu zake.

Zamu yangu ikafuata. Walituonyesha mashine ndogo inayozungusha vichupa kwa kasi mpaka damu inajitenga, nyekundu ikashuka chini na maji yake ya manjano yakabaki juu. Maji hayo ndiyo waliyoyataka. Wakayaweka kwenye sanduku la barafu, kichupa cha dada na changu pamoja. Dada aliyatazama akasema yanafanana na samli. Kweli yalifanana.

Majibu ya vipimo vya kawaida yalikuja baada ya wiki kadhaa. Daktari mwenyewe alikuja mpaka barazani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alisema tezi ya dada shingoni imelala, haitoi ile dawa ya mwili inayompa mtu joto na nguvu. Ndiyo maana baridi, ndiyo maana ile sauti ya kukwaruza, na sehemu ya kusahau pia inatoka huko. Kuna vidonge. Kimoja kila asubuhi kabla hajala kitu, maisha yake yote.

"Kwa hiyo hana ule ugonjwa?" nikauliza, na nilijisikia ninavyoharakisha.

"Sijui, mama. Anaweza kuwa na tezi peke yake. Anaweza kuwa na vyote viwili. Tumtibu hili tunalolijua, tuone kinachobaki."

"Na ile namba ya damu?"

"Siwezi kukupa. Si kwamba nakuficha. Nikikupa namba nitakuwa nakupa kitu ambacho mimi mwenyewe sijui kinasema nini kwa mtu wa Kibiti. Figo zake nazo zimechoka kidogo. Namba ikiwa juu, sitajua ni ubongo au ni figo."

Mtoto wa dada akawa analeta vidonge kutoka Dar, na asipoweza kuja anampa dereva wa basi. Kila asubuhi naviweka mkononi mwa dada na kikombe cha maji, naye kila asubuhi anauliza ni vya nini. Namwambia ni vya shingo. Anameza.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Kwanza zile khanga mbili zikawa moja. Sauti ikalainika. Kisha asubuhi moja nilisikia mtu anaimba uani, nikatoka, nikamkuta ameushika mkeka ule wa kwanza aliouacha, anaendelea palepale alipoishia. Aliumaliza. Mwanawe alipokuja mara iliyofuata, dada alimwita "mwanangu" kabla hajavuka mlango, akamgombeza kwa kukonda.

Lakini hakurudi kikamilifu. Kuna kilichobaki, na hicho kilichobaki kinaongezeka taratibu, kama daktari alivyohofia. Bado ananiita mama siku nyingine. Bado nafungia chumvi kabatini. Sasa naamini ugonjwa ule anao, ingawa hakuna kipimo kilichoniambia. Tofauti ni kwamba katikati tulipata muda wa ziada pamoja, na muda huo mpaka leo hatujaumaliza.

Jirani yangu wa mumiani aliyaona hayo kwa macho yake. Siku moja alikuja, akazungukazunguka maneno, mwisho akaniuliza kama wale watu wa damu watarudi, maana mume wake siku hizi anapotea njia ya msikitini. Nilimpeleka kwa nesi wa Dimani siku hiyo hiyo.

Na mimi? Wateja huniuliza kama siogopi, maana ni damu moja, tumbo moja. Nikikosa mkasi nilioushika dakika hii, moyo unaniruka kidogo, siwezi kukataa. Nilimwuliza daktari kuhusu kichupa changu, akanijibu yale yale, kwamba bado wanakusanya, wanalinganisha za Kibiti na za bara na za nchi nyingine, na siku watakapojua mstari wetu uko wapi, atakuja aniulize kama nataka kujua. Nilimwambia akija atanikuta, nami nitamjibu siku hiyo. Sina haraka. Nimekaa karibu na ugonjwa huu, nimekula nao meza moja, nimeona kwamba mtu anaweza kusahau mambo mengi na bado akawa mtu ambaye unafurahi kuamka na kumkuta.

Mwezi uliopita mtoto wa dada alitupeleka delta kumwona kaka. Tulipanda boti Nyamisati asubuhi, dada katikati yetu, amevaa gauni jipya nililomshonea. Alilala karibu safari yote, kichwa begani kwangu. Kule tulikula kamba kwa wali wa mpunga mpya, kaka akatuonyesha wajukuu, dada akawashika mmoja mmoja na kuwauliza wa nani, na walipomjibu akawauliza tena, nao wakamjibu tena bila kuchoka. Kesho yake tukarudi. Tulipoingia nyumbani nilimvua viatu, nikampa maji. Alikunywa yote, akanirudishia kikombe.

"Tulikuwa wapi?"

"Kwa kaka, dada."

"Tulikula?"

"Tulikula kamba."

Akafikiri kidogo, uso wake umetulia. "Basi twende," akasema.

Nikamwambia tutakwenda mwanawe akija tena. Akaridhika, akavuta mkeka wake, akaanza kusuka.